Gari au tela la kambi kwa familia kubwa: mambo ya kuzingatia kabla ya kulipa

Matangazo ya magari ya kambi, yaani magari yenye vitanda na jiko ndani, huanza na idadi ya vitanda. Linalaza wanane, linalaza kumi, na mzazi mwenye watoto sita anajiona amefika. Idadi hiyo huwa ya kweli, lakini ndiyo inayomsaidia kidogo kuliko zote. Haimwambii ni wangapi watasafiri wakiwa wamefunga mikanda, gari litabeba kilo ngapi baada ya wao kupanda, wala kama mvua ikinyesha jioni nzima wote wataweza kuketi na kula kwa wakati mmoja. Kwa familia kubwa nashauri mpangilio tofauti: hesabu viti kwanza, kisha uzito, vitanda vije baadaye. Kitanda kikipungua, hema dogo la pembeni linatosha. Kiti chenye mkanda kikipungua, kuna mtoto mmoja asiyeweza kusafiri.

Kwa hiyo ingia ndani ya gari uihesabu mikanda kwa mkono wako, usiridhike na karatasi ya muuzaji. Gari la kambi linaweza kuwa na vitanda sita na mikanda minne, kwa sababu kochi linalogeuzwa kitanda usiku si lazima liwe kiti halali cha safari mchana. Angalia pia mkanda wenyewe ni wa aina gani. Wa pointi tatu hupita begani na kiunoni. Wa pointi mbili hufunga kiuno tu, na viti vingi vya watoto haviwezi kufungwa nao kwa usalama. Viti vinavyotazama ubavuni navyo usimpangie mtoto, maana mkanda umetengenezwa kumzuia mtu anayerushwa mbele. Kama una watoto wawili au watatu wanaotumia viti vyao maalumu, nenda navyo siku ya kuangalia gari na uvifunge vyote kwa pamoja. Kila kimoja peke yake huenea vizuri. Vikipangwa ubavu kwa ubavu ndipo unapogundua kwamba cha katikati hakina nafasi.

Na ndani ya tela hapandi mtu likiwa linatembea, hata mtoto akiwa amelala. Sheria za nchi nyingi zinakataza, na hata pasipo na katazo sababu iko pale pale: tela halina mikanda, kuta zake ni nyembamba, na likianza kuyumba dereva hawezi kuwasikia waliomo.

Ukishajua idadi ya mikanda mnayohitaji, aina ya chombo huanza kujichagua. Familia ya watu watano au sita inaweza kupata gari moja lenye injini, vitanda na jiko. Kuanzia watu saba, kwa maoni yangu, tela la kulala linalovutwa na gari la abiria lenye viti vya kutosha ni chaguo bora. Kila mtu anakaa kwenye kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya safari, na mkifika kambini mnaliacha tela palepale na kutumia gari kwenda kutafuta mahitaji au kumpeleka mgonjwa hospitali. Jambo hilo la pili watu hawalifikirii mpaka usiku mtoto apandwe na homa, na gari pekee walilo nalo ndilo nyumba iliyokwisha kufungwa maturubai. Tela la kukunjwa lenye kuta za turubai ni jepesi na lina vitanda vipana, ila likikunjwa likiwa limelowa lazima likaanikwe nyumbani, la sivyo litaota ukungu. Basi lililogeuzwa nyumba lina nafasi kuliko yote, lakini chunguza viti vilivyoongezwa vimeidhinishwa na nani, na leseni yako inakuruhusu kuendesha gari la ukubwa gani.

Uzito ndio unaozikwamisha familia kubwa, na sehemu hii naomba usiiruke. Kila gari lina bamba linaloonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Ukitoa uzito wa gari lenyewe, kinachobaki ndicho mnachoweza kupakia, watu wakiwemo. Chukua gari la kambi la kilo 3,500, kiwango ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikomo cha leseni ya kawaida ya daraja B barani Ulaya. Tuseme likiwa na mafuta na dereva, tangi la maji likiwa tupu, lina kilo 3,050. Zimebaki 450. Mzazi wa pili ana kilo 75, na watoto watano wa wastani wa kilo 40 ni 200, zimebaki 175. Jaza tangi la maji la lita 100, ambazo ni kilo 100, zimebaki 75. Kila mmoja wa watu saba akiweka begi la kilo 10, mnabakiwa na kilo 5, na hamjapakia sufuria, chakula, matandiko, viti vya kukunja wala baiskeli hata moja.

Gari lililozidi uzito haliko wazi kwa macho. Linawaka na kuondoka kama kawaida, kisha breki zinapata moto kwenye mteremko mrefu, tairi zinachemka, na ajali ikitokea kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Usitegemee takwimu za kiwandani kwa gari lililokwisha kutumika, kwa kuwa mwenye nalo huenda aliongeza betri ya pili, paneli ya sola au kibebeo cha baiskeli, na kila kimoja kimekula sehemu ya kilo zenu. Omba lipelekwe kwenye mizani ya magari kabla ya kukubaliana bei. Muuzaji anayekataa jambo dogo hivyo, mimi ningemwacha.

Kwa tela hesabu ni mbili, ya tela na ya gari linalovuta. Uwezo wa kuvuta unaotajwa kwenye matangazo hukadiriwa gari likiwa karibu tupu. Ukiweka watu wanane na mizigo yao, uwezo huo hupungua, kwa sababu gari na tela kwa pamoja nayo yana kikomo chake. Tena sehemu ya mbele ya tela hukalia mpira wa kuvutia, yaani tufe la chuma lililo nyuma ya gari, na uzito huo unabebwa na gari. Amerika Kaskazini mwongozo wa kawaida ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Magari ya Ulaya hutengenezwa kwa mzigo mdogo zaidi, na kikomo chake kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Tela la kilo 1,500 likiweka asilimia 10 mbele, gari limeongezewa kilo 150, yaani watu wazima wawili ambao hukuwahesabu. Ukijaribu kuukwepa mzigo huo kwa kupakia vitu vizito nyuma ya ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, tela litaanza kupiga mkia barabarani, na hilo ni hatari kubwa zaidi. Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli. Uingereza wanaoanza kuvuta tela hushauriwa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari, na huo ni ushauri mzuri popote.

Pima pia mpira wenyewe. Wa Ulaya una kipenyo cha milimita 50, wa Marekani wa inchi 2 una milimita 50.8. Kwa jicho ni kitu kimoja, lakini kichwa cha tela kilichotengenezwa kwa mpira mkubwa hakikai imara kwenye mpira mdogo.

Sasa vitanda. Lala juu ya kila kimoja, na aliye mrefu kuliko wote alale pia, kwa kuwa vitanda vya watoto vilivyopangwa ghorofa huwa vifupi na vina kikomo cha uzito. Kijana wa miaka kumi na mitatu anayeenea leo hataenea baada ya miaka miwili, na chombo hiki mnakinunua mkae nacho. Kitanda cha juu kiwe na ukingo, wala mtoto wa chini ya miaka 6 asilale huko. Kisha angalia vitanda vingapi hugeuzwa kutoka meza ya kulia. Kama watatu kati yenu wanalala mezani, hakuna anayepata chai mpaka hao watatu waamke, na hakuna mtoto mdogo anayelala mapema wakati wakubwa bado wanakula. Familia zenye umri tofautitofauti huchoshwa na hilo kuliko ufinyu wenyewe. Vitanda vya kudumu kwa walio wadogo, na hema la nje kwa vijana wanaopenda faragha yao, ni mpango unaodumu.

Maji na choo havihitaji maneno mengi, vinahitaji kugawanya. Tangi la lita 100 kwa watu wanane ni lita 12 na nusu kwa kila mmoja, za kunywa, kupika, kuosha vyombo na kuoga. Choo cha kaseti, yaani chenye tangi dogo la uchafu linalotolewa na kumwagwa, huchukua takriban lita 17 hadi 20, na watu wanane wanaweza kukijaza kwa siku moja. Basi ama mtapiga kambi penye vyoo na bomba, ama mmoja wenu atakuwa na kazi ya kumwaga kila siku. Tangi la maji machafu nalo liwe na ukubwa unaokaribiana na la maji safi. Kwenye umeme, kumbuka kwamba betri ya kawaida ya risasi haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ya chaji yake ikiwa mnataka idumu. Ya lithiamu huvumilia zaidi, na ni nyepesi.

Gesi na moto nimeviweka pamoja kwa sababu watu wengi wamelala kwenye nafasi ndogo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni. Matundu ya sakafuni yaliwekwa ili itoke, na hayazibwi kwa zulia hata kukiwa na baridi. Kaboni monoksidi, gesi yenye sumu itokayo kwenye moto, haina harufu wala rangi, na jiko la mkaa lililoingizwa ndani au chini ya turubai ili kupasha joto linaweza kuua familia nzima usingizini. Weka king'ora cha kaboni monoksidi, cha moshi na cha gesi, kizimamoto karibu na mlango, na hakikisha anayelala mwisho kabisa ana dirisha analoweza kulifungua mwenyewe na kutoka. Mfundishe alifungue, mara kadhaa, mchana.

Chombo kilichotumika kikaguliwe baada ya mvua, si siku ya jua. Nusa ndani ya makabati, bonyeza kuta kwenye pembe na kuzunguka madirisha, kanyaga sakafu yote. Panapobonyea maji yameingia, na kurekebisha mbao zilizooza ndani ya kuta kunaweza kugharimu kuliko ulichookoa kwenye bei. Tairi za tela huzeeka kabla ya kuisha kashata, kwa hiyo usidanganywe na mifereji mizuri. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kama kuna namna, kodisheni kwanza chombo cha aina hiyohiyo, muda wa kutosha kukutana na mvua na kaseti iliyojaa. Andika urefu wa kwenda juu wa gari au tela kwenye karatasi uibandike mbele ya dereva. Wazazi wote wawili wajifunze kurudi nyuma na tela katika uwanja mtupu, maana anayejua akiugua kambini, mwingine ndiye atakayewarudisha. Na mkishanunua, kabla ya safari ya kwanza pakieni kila kitu, watu wote wapande, mwende kwenye mizani. Baada ya kilomita 50 hivi za mwanzo simameni mahali salama mkaze tena nati za magurudumu na kugusa vitovu vya magurudumu kwa uangalifu: kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, kuna breki inayoshika au beringi inayokufa, na tela haliendelei mbele mpaka fundi aone.