Kabla ya kumuunganisha mtoto na mashine ya dayalisisi (kusafisha damu)

Mtoto wa miaka saba hatulii. Atageuza shingo kumtafuta mama yake, atapeleka mkono palepale penye mpira, yaani katheta iliyoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu ili aunganishwe na mashine. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kumkinga na maambukizi ya damu hufanyika kabla hajapanda kitandani. Ukishaushika mpira, si wakati wa kukimbilia glovu kabatini.

Anza na faili. Soma majibu ya homa ya ini B, homa ya ini C na VVU ndipo uchague mashine. Mwenye homa ya ini B hutengewa chumba, mashine na vifaa vyake, na muuguzi wake asihudumie mtoto asiye na kinga katika zamu hiyohiyo. Kirusi hiki huweza kukaa hai mezani siku 7, hata pasipoonekana tone la damu. Mwenye VVU hahitaji mashine ya peke yake. Kumtenga ni kumtangaza tu. Na kadi ya kliniki ikionyesha chanjo zote, usiridhike: kinga ya homa ya ini B ipimwe kwenye damu, na ikiwa chini ya uniti 10 kwa lita achanjwe tena.

Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ivutwe kwenye meza safi mbali na vitanda. Kichupa kisizungushwe kwenye toroli, na kilichofika kwa mtoto mmoja hakirudi mezani.

Sasa mpira wenyewe. Wewe na mtoto mvae barakoa, na mama pia akiwa karibu. Ncha isuguliwe kwa spiriti yenye klorheksidini si chini ya sekunde 15, kisha iachwe ikauke yenyewe. Hapa ndipo tunapojidanganya. Nimeshaikuta mikono yangu mwenyewe ikiipepea ncha kwa glovu ili ikauke upesi! Siku hizi namwambia mtoto anihesabie, moja hadi kumi na tano. Anapata cha kufanya, nami sipati pa kuiba sekunde.

Mama aliyevuka na feri ya asubuhi kutoka Ukerewe muulize kwa upole: "Mama, jana ameoga wapi?" Ukimkaripia atakuficha, na bandeji iliyolowa maji ya ziwa utaigundua mtoto akishaanza homa. Mwenye mpira haogelei ziwani, basi.

Huku kwetu kila homa ni malaria. Pima malaria, sawa. Lakini mtoto mwenye mpira akitetemeka, hasa muda mfupi baada ya kuunganishwa, mwite daktari, na damu ya kuotesha (kutafuta vijidudu maabara) ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki.

Kisanduku cha sindano kiwe hatua moja kutoka kitandani. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji tiririka, usikamue, toa taarifa papo hapo. Jua pia ufunguo wa kabati la dawa kinga za VVU unakaa kwa nani usiku, maana zikianzwa saa za mwanzo ndiyo bora, na zikipita saa 72 hazianzishwi tena.