Kuishi kwa Picha Mnato Ukiwa Kusini: Kupiga, Kuandika na Kufundisha

Mpiga picha wa Mtwara au Lindi anayetaka kuwa msanii, mwandishi na mwalimu wa fani yake achague kwanza jambo moja lililo karibu naye, kisha alifuate kwa mwaka mzima au zaidi. Harusi, mahafali na picha za pasipoti zitamlipia pango, na kazi hiyo ina heshima yake. Lakini msanii hujulikana kwa mfululizo wa picha zinazosemezana. Chukua korosho kuwa mfano. Anayefika shambani Oktoba tu ataona magunia, ilhali aliyekuwapo tangu mikorosho ilipopuliziwa salfa katikati ya mwaka ataona pia mkopo wa pembejeo, hofu ya ugonjwa wa ukungu na hesabu inayofanywa usiku kabla ya mnada.

Kuhusu mwanga, tumia alfajiri hadi saa tatu asubuhi, halafu rudi saa kumi jioni. Jua la mchana likikubana, mhamishie mtu barazani. Pima mwanga usoni mwake badala ya kuiachia kamera ipimie ukuta mweupe ulio nyuma, la sivyo ngozi nyeusi itageuka kivuli kitupu. Ukitoka ufukweni futa chumvi kwenye kamera siku hiyohiyo, na picha zako zihifadhi katika nyumba mbili tofauti.

Idhini ndiyo inayohitaji subira kubwa zaidi. Wako bibi wa Kimakonde wenye ndonya mdomoni na chale ambao wamepigwa picha mara nyingi na wapita njia wasiorudi tena. Mwamkie bibi kwa shikamoo, keti, eleza picha itakwenda wapi, na siku hiyo uwe tayari kuondoka bila kufungua kamera. Mambo ya jando na unyago yaliyofichwa yabaki yamefichwa, hata kama mlango umeachwa wazi. Ukipewa ruhusa, rudi na picha iliyosafishwa umkabidhi mwenyewe mkononi. Kwa uzoefu wangu, mazungumzo ya kweli huanza siku hiyo. Isome pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, pamoja na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa kuwa ile ya kwanza inamlinda unayempiga na ya pili inakulinda wewe.

Uandishi uanzie kwenye maelezo yaliyo chini ya picha: nani, wapi, lini, anafanya nini. Tazama picha za uchimbaji wa mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Mifupa ilibebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa Berlin. Jina la msimamizi Boheti bin Amrani limehifadhiwa, lakini wapagazi wengi wamebaki kuwa miili isiyo na majina. Andika makala yako ya kwanza kuhusu picha kama hizo. Eleza kwanza kinachoonekana, mikono, mizigo, aliyesimama na aliyeinama, kabla hujatoa hukumu yoyote, kisha uliza mpiga picha alisimama upande wa nani.

Kufundisha hakuhitaji kamera kumi. Ziba madirisha ya darasa kwa maboksi, toboa tundu dogo mfano wa punje ya choroko upande unaotazama uwanja wenye jua, tundika shuka jeupe mkabala nalo, na mnazi wa nje utajichora humo kichwa chini. Mtoto aliyeona hivyo hahitaji kuelezwa sana lenzi ni nini. Baada ya hapo wape wanafunzi kamera moja kwa zamu, kila mmoja picha tano tu, na kila picha aiandikie sentensi tatu. Mpiga picha wa Afrika Kusini, David Goldblatt, alipoanzisha shule ya upigaji picha ya Market Photo Workshop mjini Johannesburg mwaka 1989, alitaka vijana walionyimwa elimu hiyo na ubaguzi waipate. Darasa la Mikindani au Nachingwea linaweza kuanza na nia hiyohiyo.

Ukishapata picha kama ishirini zinazoshikamana, ziandikie maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili kilichonyooka, ndipo uombe nafasi katika kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, Dar es Salaam, au katika maonesho ya picha ya Bamako, Mali, yaliyoanza mwaka 1994. Lakini kabla hazijasafiri, zitundike kijijini zilikopigwa, waalike waliomo, na urekebishe kila jina watakalokwambia umelikosea.