Kupanga kache ya prosesa ndogo: mfano wa magunia ya dagaa

Hapa Kigoma nilitengeneza prosesa ndogo kwenye bodi ya FPGA (chipu ambayo sakiti zake unazipanga mwenyewe), isome mizani ya dagaa mwaloni Kibirizi. Kila gunia lina uzito na bei; programu inazidisha, kisha inajumlisha. Kusoma kutoka kache, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na prosesa, ni mzunguko 1 wa saa. Prosesa ikikosa data humo, kumbukumbu kuu inaongeza mizunguko 40. Niliweka kache, kasi nisiione. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio, na sitaki likupate.

Hatua ya 1: Fuatilia anwani. Ziandike zile ambazo programu inazisoma, kwa mfuatano wake. Yangu ina magunia 1,000, kila namba baiti 4. Safu ya uzito inaanzia 0x10000, ya bei 0x14000 (0x ni alama ya namba za msingi wa 16). Inasoma uzito, bei, uzito, bei. Hatua hii mimi niliiruka, nikapoteza wiki nzima.

Hatua ya 2: Ukubwa na bloku. Nilichagua KB 16, bloku (mafungu ya data yanayoletwa pamoja) za baiti 32. Ukiikosa namba ya kwanza, saba zinazofuata zinakuja safari hiyohiyo. Jumla ni bloku 512.

Hatua ya 3: Kata anwani. Biti 5 za mwisho zinataja baiti ndani ya bloku. Kila bloku ikipewa nafasi moja tu, nafasi 512 zinataka biti 9 za faharasa, yaani namba ya nafasi. Kati ya biti 32 zinabaki 18, nazo ni lebo ya kumtambua aliyekaa pale.

Kata sasa anwani zangu mbili. Zote zina faharasa 0; lebo ni 4 na 5. Uzito unaingia, bei inaufukuza, uzito unarudi na kuifukuza bei. Ikawa hivyo gunia hadi gunia, mizunguko 41 kwa kila usomaji.

Hatua ya 4: Ongeza njia ya pili. Seti 256, kila moja na nafasi mbili: faharasa biti 8, lebo 19. Uzito na bei vinakaa pamoja. Unakosa mara moja katika nane, wastani 1 + 40/8 = mizunguko 6.

Kache ya KB 32 yenye nafasi moja kwa kila bloku ingezitenganisha safu hizo pia, ila kwa KB 16 za ziada. Njia ya pili ilinigharimu baiti 64 za lebo, baiti 32 za kukumbuka nafasi ipi haijatumika kwa muda mrefu zaidi, na kilinganishi kimoja, sakiti inayolinganisha lebo. Kache ya prosesa ya Intel 80486 ya mwaka 1989 ilikuwa na njia nne katika KB 8 tu.

Hatua ya 5: Uandishi. Programu hii inaandika jumla moja mwishoni, kwa hiyo andika moja kwa moja hadi kumbukumbu kuu. Biti za uhalali, zinazoonyesha kama nafasi ina data halali, zote zianze na 0 umeme unapowaka.

Hatua ya 6: Pima. Weka kihesabio cha kukosa. Kila safu ni bloku 125, basi katika usomaji 2,000 utegemee 250. Ukiona 2,000, kagua waya za kilinganishi cha pili.