Kuteleza nyuma ya boti hapa Bukavu: kuanzia helise (propela) mpaka doria

Nimeendesha boti kwenye Ziwa Kivu, mpakani mwa Kongo na Rwanda, miaka kumi na kitu. Nilianza na kanoti za abiria za kwenda kisiwa cha Idjwi, sasa naendesha boti ya mzee mmoja mwenye nyumba upande wa La Botte, rasi moja ya Bukavu. Boti hiyo ndiyo iliyonifundisha weksafu, yaani kusimama juu ya ubao na kuteleza kwenye wimbi ambalo boti yenyewe inalitengeneza. Kamba ni ya kukuinua tu. Ukishasimama unaitupa, wimbi linakusukuma. Kila Jumapili vijana wananifuata: "Papa, na sisi tunaweza kufanya hivyo na Yamaha yetu?" Jibu ni refu kidogo.

Hatua ya 1: Angalia helise iko wapi

Kama motere imening'inia nyuma ya boti, ile Yamaha ya nguvu farasi 15, 25 au 40 ambayo sote tunaijua, ishia hapo. Anayeteleza yuko mita 3 au 4 tu kutoka nyuma ya boti, na wimbi linamsukuma mbele muda wote. Akianguka kuelekea boti, kitu cha kwanza atakachokutana nacho ni helise, na helise haichagui. Boti inayofaa ina motere ndani, na helise yake imejificha chini ya tumbo la boti, mbele kabisa ya ukingo wa nyuma. Hapa kwetu boti za namna hiyo unazihesabu kwa vidole. Anayekwambia "nitaendesha polepole, usiogope", mshukuru na ubaki nchi kavu.

Mwenye Yamaha hajanyimwa mchezo. Anaweza kumvuta mtu kwa kamba ndefu, mita 18 hadi 23, kwa ski au kwa ubao wa kufunga miguu. Kwa umbali huo helise si hatari kwa anayevutwa. Inakuwa hatari wakati wa kumchukua majini tu, na hapo motere inazimwa. Sikusema iwekwe nyutro: inazimwa, ufunguo unatolewa.

Hatua ya 2: Vaa, kisha ongea

Jile, yaani koti la kuokolea, linavaliwa, halikaliwi. Nalisema kwa sababu kwenye kanoti zetu nimeona akina mama wameligeuza kuwa mto wa kukalia, na dereva anatazama tu. Baada ya ajali ya Aprili 2019 upande wa Kalehe iliamriwa kila abiria avae jile. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikazama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaiona kutoka ufukweni, na wengi wakafa. Hata anayeogelea kama samaki avae. Ukipigwa na ubao kichwani hujui tena kuogelea.

Kamba ya weksafu ni fupi, mita 6 hivi, nene, na haina mpini mkubwa ambao mkono au kichwa kinaweza kunasa. Usiizungushe mkononi hata mara moja. Dereva naye afunge mguuni au kiunoni ile kamba nyekundu ya kuzimia motere, ili akirushwa nje boti isiendelee na safari peke yake.

Hatua ya 3: Pakia upande mmoja

Boti tupu haitoi wimbi la maana. Lazima nyuma izame, na hasa kona moja ya nyuma. Anayetanguliza mguu wa kushoto atateleza upande wa kushoto wa boti, kwa hiyo uzito uwe huko; anayetanguliza wa kulia, geuza. Tunajaza maji ya ziwa kwenye mifuko mikubwa ya mpira. Hesabu ni rahisi, lita 1 ni kilo 1, basi mfuko wa lita 400 ni sawa na watu wazima sita hivi waliokaa kona moja. Soma kibao cha boti kinachoonyesha mwisho wa mzigo, ujumlishe maji na watu pamoja. Wengi wanasahau kuhesabu maji kwa sababu hayalipi nauli.

Jambo lingine ambalo kitabu cha boti hakikuambii: ziwa letu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Motere ya esanse (petroli) isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu asilimia 3 kila unapopanda mita 300, maana yake huku inakosa kama asilimia 15 ya nguvu zilizoandikwa juu yake. Ukiona boti imejaa maji na haifikii kasi, usimlaumu fundi. Punguza mzigo, au tafuta helise yenye pichi ndogo, yaani inayosogea umbali mfupi zaidi kila ikizunguka mara moja.

Hatua ya 4: Chagua maji na saa

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana ndipo nilipokosea.

Asubuhi ziwa ni kioo. Wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, upepo wa kusini huamka kadiri jua linavyopanda. Masika ni radi na mvua za ghafla za alasiri. Kwa hiyo kila mtu anataka asubuhi, na asubuhi ndiyo saa ya wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, kurudi. Wamekesha na taa zao, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti, wavu umening'inia katikati, na kutoka mbali unadhani ni daraja linalotembea. Boti iliyojazwa maji inarusha wimbi linalofika karibu mita 1, na wimbi hilo halifi upesi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipita mita 50 hivi kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa na mtumbwi wa ndizi. Mimi nilikuwa nimegeuka nyuma natazama kijana wetu anavyoteleza. Mtumbwi haukupinduka, ila ulijaa maji mpaka nusu, na ndizi zikaanza kuelea moja moja. Mama hakutukana. Alichukua bakuli, akaanza kuchota maji huku akinitazama. Nililipa ndizi zote, na tangu siku ile nina sheria yangu: mita 200 kutoka ufukwe, mtumbwi, wavu au mtu yeyote, na kina cha maji kisiwe chini ya mita 5. Pia nafuata mstari mmoja ulionyooka kwenda na kurudi. Kuzunguka duara kunafanya mawimbi yapandane, na hata wewe mwenyewe utaanguka kwenye taka zako.

Mpaka na Rwanda unapita majini bila boya wala kamba. Toka kwenye ghuba ukishika upande wa Kabare, na mashariki uachane nako: kisiwa cha Nkombo, kinachoonekana karibu hivyo, ni cha Rwanda. Usitegemee simu ikuonye, maana Bukavu simu hukamata mtandao wa ng'ambo hata ukiwa jikoni kwako. Weka alama kwenye jipiesi.

Ndugu wa Goma, ninyi muongeze hili: ghuba ya Kabuno ina gesi nyingi, na gesi hiyo haiko chini sana, na kwenye mabonde ya ufukweni kuna mazuku, kaboni dioksidi inayotulia chini bila kuonekana. Usimlaze mtoto aliyechoka kwenye shimo lenye kivuli kando ya maji.

Hatua ya 5: Inuka

Lala chali majini, visigino juu ya ubao, magoti yamekunjwa, mikono imenyooka. Dereva aongeze kasi taratibu. Usijivute, acha boti ikuinue kama mama anavyoinua mtoto kwa mikono miwili. Kasi ya kuteleza ni kilomita 16 hadi 19 kwa saa, basi. Kanyaga mguu wa mbele uende kasi, wa nyuma upunguze. Kamba ikilegea yenyewe mara tatu nne, uko tayari kuitupa. Itupe pembeni, mbali na boti, na mtu aliyeko ndani aivute haraka.

Ndani ya boti muwe wawili angalau: dereva anatazama mbele, mwingine anatazama nyuma na hafanyi kazi nyingine, hata ya kupiga picha. Ishara zetu: dole gumba juu ni ongeza kasi; dole gumba chini ni punguza; kiganja kwenye shingo ni zima; kupigapiga kichwa ni turudi nyumbani. Aliyeanguka akiwa mzima ainue mkono mara moja. Asipoinua, rudi mbio.

Hatua ya 6: Moshi

Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, nayo hukusanyika nyuma ya boti, palepale watu wanapopenda kukaa na miguu majini. Kichwa kikiuma, kizunguzungu kikija, kichefuchefu kikianza, usiseme ni jua. Zima motere, mpeleke mtu kwenye hewa safi, na mchezo wa siku hiyo umekwisha. Hakuna mtu kukaa wala kushika ngazi ya nyuma motere ikiwaka.

Hatua ya 7: Doria ikija

Anayeshika bandari leo ndiye anayetoa ruhusa leo. Siasa siingii, ila asubuhi ya kutoka nenda ukaulize kama ziwa liko wazi, hata kama jana lilikuwa wazi. Acha orodha ya majina ya waliomo kwa mtu wa nchi kavu. Kwenye mfuko usioingia maji weka karatasi za boti, cheti cha dereva, bima, na kadi ya mpiga kura ya kila mtu, ambayo ndiyo kitambulisho chetu.

Ukiona boti yao inakuja kwako, usisubiri wapunge mkono. Punguza kasi polepole, kwa sababu boti iliyojaa maji ikisimama ghafla wimbi lake linakupanda kwa nyuma, na likiendelea linawafikia wao. Nimewahi kumlowesha askari mpaka kwenye buti, na mazungumzo yetu yalianzia pabaya. Mwingize anayeteleza, vuta kamba, zima motere, mikono ionekane. Simu zote mfukoni. Kupiga picha askari au bandari ni kujitafutia siku ndefu.

Anaongea mtu mmoja, dereva. Mimi huanza hivi: "Jambo shefu, poleni na kazi. Tuko watano, wote na majile, tunacheza hapa mpaka saa nne." Wengi hawajawahi kuona mchezo huu, wanadhani umemwangusha mtu makusudi. Eleza. Mara moja walikuja kwa sababu mvuvi aliwaita akilalamika wavu wake, na mvuvi alikuwa na haki. Nilikuwa mita 200 kutoka kwake, lakini wavu wake ulifika karibu yangu. Tuliongea watatu, nikamlipa mvuvi mbele yao, wakaenda.

Wakitaja faini, uliza kwa upole ni ya kosa gani na inalipwa wapi, na uombe kitansi, yaani risiti. Wakitaja sukari ya watoto, yaani hongo, mimi narudia lilelile: "Shefu, twende ofisini nilipe huko, mnipe kitansi." Sauti chini, bila kucheka, bila kukasirika. Mara nyingi ofisi inaonekana iko mbali na wanakuachia. Wakisema twende kweli, nenda. Usiwashe motere kabla hawajakuruhusu, na usikimbie kamwe. Kukimbia upande wa mashariki ni kuingia mikononi mwa doria ya nchi nyingine.

Wakishaondoka, toa maji yote kwenye mifuko ukiwa bado ziwani, pampu inachukua dakika kumi hivi, ndipo urudi polepole. Boti iliyojaa ukiifikisha kwenye ngazi za La Botte itavunja mitumbwi ya watu iliyofungwa pale.