Gari nalo lina pasipoti yake
Kama unapanga kuvuka bara zima na gari lako mwenyewe, kabla hujaanza kuhangaika na matairi na hema la juu, shughulikia kaneti kwanza, kile kitabu cha forodha kinachokuruhusu kuingiza gari nchi za watu kwa muda bila kulipia ushuru. Kinatolewa na vyama vya wenye magari, kinadumu mwaka 1, na unaweka dhamana ambayo kwa gari la bei inauma kweli. Sio nchi zote zinakidai, kwahiyo cheki njia yako usije ukalipia bure.

Mpakani ndo watu wanachemsha: kila nchi ina ukurasa wake, unagongwa muhuri ukiingia na mwingine ukitoka, na ule wa kutoka ndo wenyewe, maana bila huo kwenye makaratasi gari bado liko kule na wanaweza kudai ushuru wao kwenye dhamana yako. Usiondoe gari mpaka umeuona kwa macho, hata wa nyuma wapige honi. Na namba ya chasisi ifanane na ya kwenye kadi ya gari, herufi moja tu ikikosewa unaweza ukalala hapo.