Leseni ya uuguzi Marekani: anzia kwenye jimbo

Wauguzi wanaonipigia simu kutoka nyumbani huniuliza swali lile lile: "Dada, ule mtihani wa Marekani unafanywaje?" Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Marekani haina baraza moja la uuguzi la nchi nzima kama Kenya au Tanzania. Kila jimbo lina bodi yake, sheria yake na fomu zake, na imekuwa hivyo tangu North Carolina ilipopitisha sheria ya kwanza ya kusajili wauguzi mwaka 1903. Mtihani, NCLEX-RN (RN ni muuguzi aliyesajiliwa), ni mmoja kwa majimbo yote, lakini anayekuruhusu kuufanya ni jimbo. Nilisomea diploma Kenya, leo nafanya kazi wodini Texas, na nimeona watu wakipoteza mwaka mzima kwa kuanzia katikati.

Hatua ya 1: Chagua jimbo kabla ya kulipa senti

Fungua tovuti ya bodi ya jimbo unalotaka, usome masharti ya waliosomea nje. Angalia kama wanadai nambari ya hifadhi ya jamii ya Marekani, ambayo wewe uliye Nakuru au Moshi huna. Angalia pia wanataka ripoti ipi ya vyeti, na kama watakudai mtihani wa Kiingereza. Texas ina mtihani wake mdogo wa sheria ya uuguzi ya jimbo. New York inataka mafunzo ya kuzuia maambukizi na ya kutambua dalili za mtoto anayedhulumiwa. California ndiyo inayowaliza wengi: inataka nadharia na mazoezi ya wodini ya somo moja viwe vimekwenda pamoja. Ukisoma magonjwa ya watoto darasani mwaka wa pili, kisha ukapelekwa wodi ya watoto mwaka wa mwisho, unaweza kuambiwa urudie somo hilo.

Hatua ya 2: Karatasi

Hapa tulia, maana hapa ndipo muda unapotea.

Majimbo mengi hutaka vyeti vyako vikaguliwe kwanza na shirika kama CGFNS, ambalo tangu 2025 linaitwa TruMerit. Chuo chako ndicho kinachotuma transkripti (orodha ya masomo na alama zako), na baraza lililokusajili ndilo linalothibitisha leseni yako. Ukiituma transkripti mwenyewe, haihesabiki. Kwa hiyo nenda chuoni, umjue karani anayeshughulikia, mwachie fomu zilizojazwa vizuri, na urudi baada ya wiki mbili kuuliza kwa adabu. Hakikisha transkripti inaonyesha saa za darasani na za wodini, kila somo peke yake: watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto na afya ya akili.

Kisha majina. Pasipoti yangu ilikuwa na majina matatu, diploma mawili, na leseni ya nyumbani ilikuwa na herufi moja tofauti. Faili langu lilisimama miezi minne. Panga cheti cha kuzaliwa, pasipoti, diploma na leseni mezani, usome herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, tafuta wakili akuandikie hati ya kiapo, au rekebisha cheti chenyewe kabla hujaomba.

Hatua ya 3: Omba, kisha jiandikishe

Peleka maombi kwa bodi, toa alama za vidole pale zinapotakiwa, halafu jiandikishe kwa Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani. Usajili ni dola 200. Kufanyia nje ya Marekani kunaongeza dola 150 na kodi. Bodi ikikukubali, unapata barua ya ruhusa yenye tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haiongezwi. Ukikosa kufanya ndani yake, unajisajili na kulipa upya.

Hatua ya 4: Mtihani

Maswali ni 85 hadi 150, muda ni saa tano. Kompyuta hukupa swali gumu au jepesi kulingana na ulivyojibu yaliyotangulia, kwa hiyo kukatika kwenye swali la 85 hakukuambii kama umepita au umeanguka. Ukianguka, unasubiri siku 45.

Wauguzi wetu hawashindwi na magonjwa. Wanashindwa na kugawa kazi. Nyumbani muuguzi mmoja hubeba wodi nzima, na ndugu wa mgonjwa humwogesha na kumlisha. Hapa Marekani chini yako kuna LPN (muuguzi mwenye leseni ya ngazi ya chini) na CNA (msaidizi wa muuguzi), na sheria ya jimbo inasema nani afanye nini. CNA anaweza kumgeuza mgonjwa aliye imara na kumpima joto. Tathmini ya kwanza ya mgonjwa, kumfundisha, na kuamua kama matibabu yamemfaa ni kazi yako wewe RN. Fanya maswali ya aina hii kila siku.

Hatua ya 5: Ukihama

Majimbo zaidi ya 40 yamo katika mkataba wa leseni ya pamoja. Ukiishi rasmi katika mojawapo na kutimiza masharti, leseni moja inakutosha kote humo. California na New York hazimo. Tangu Januari 2024, ukihamia jimbo jingine la mkataba una siku 60 za kuomba leseni ya huko.

Hatua ya 6: Usiiache ife

Leseni ya Texas huhuishwa kila miaka 2 kwa saa 20 za masomo, ya California kila miaka 2 kwa saa 30. Siku unayopata nambari ya leseni, ingia Nursys, tovuti ya kumbukumbu za leseni za wauguzi, ujisajili kwa arifa zao. Hazina malipo, na zitakukumbusha kabla tarehe haijafika.