Namna ya kuitazama "Paris brûle-t-il?" mpaka mwisho, na kutoa maoni yanayosikilizika

Filamu ya René Clément ya mwaka 1966 kuhusu kukombolewa kwa Paris kutoka mikononi mwa Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, Paris brûle-t-il?, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Is Paris Burning?, huwagawa watazamaji vibaya. Mmoja atakuapia kwamba hajawahi kuona filamu ya vita iliyotulia kama ile. Mwenzake atakwambia alisinzia kabla vifaru havijafika. Huwa siwabishii, kwa sababu kila mmoja ameona filamu yake. Inakaribia saa tatu, haina shujaa mmoja, na anayeiendea kama anavyoiendea muvi ya Rambo lazima imshinde. Mimi huionyesha kwangu Jumapili mchana, majirani na jamaa wakikaa mkekani, na kwa kuwatazama wao ndipo nilipojua nani hufika mwisho na nani hukumbuka ghafla kwamba kaacha mgeni nyumbani.

Anza na tarehe. Mimi huziandika kwenye karatasi na kuibandika pembeni ya televisheni: Agosti 1944. Tarehe 10 wafanyakazi wa reli wanagoma, tarehe 15 polisi nao wanagoma, tarehe 19 polisi haohao wanateka makao yao makuu karibu na kanisa la Notre-Dame. Tarehe 24 usiku magari ya kwanza ya jeshi la Wafaransa yanafika kwenye jengo la manispaa, Hôtel de Ville. Kesho yake Jenerali Dietrich von Choltitz, kamanda wa Wajerumani mjini, anasalimu amri. Mtu akiwa na tarehe hizo tano hapotei hata akitoka kwenda kuangalia chungu jikoni.

Kisha wasahau nyota. Lawama kubwa kuliko zote utakayoisikia ni kwamba wamejazana mno: Belmondo, Delon, Yves Montand, Simone Signoret, Glenn Ford, na Kirk Douglas anayecheza Jenerali Patton na kuondoka kabla hujamzoea. Kila sura mpya ikitokea, chumba kizima kinaanza kunong'ona, "Huyu si yule wa Goldfinger?" Ndiyo, Gert Fröbe, mbaya wa James Bond wa 1964, ndiye Choltitz. Semeni hayo mapema, yaishe. Halafu mwambie kila mtu afuate watu watatu tu: Choltitz aliyejifungia Hotel Meurice, Raoul Nordling, balozi mdogo wa Sweden, anayechezwa na Orson Welles, na Meja Gallois wa upande wa waasi, anayetoroka mjini kwenda kuwasihi Wamarekani wabadilishe njia. Safari ya Gallois inahitaji maelezo kidogo kwa wageni wako. Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika, alikuwa amepanga kuuzunguka mji na kuendelea mbele, maana kuulisha mji mkubwa kama ule kungemla mafuta na malori yake. Asiyejua hilo hataona kwa nini meja yule anahangaika hivyo.

Kuna jambo jingine la kufuata, nalo sikuligundua mimi. Jirani yangu mmoja, fundi wa majokofu, mtu asiyependa filamu ndefu hata kidogo, alikaa kimya muda mrefu kisha akauliza: "Hawa wanapigana, mbona simu zinafanya kazi?" Ndivyo ilivyokuwa kweli. Mitaa ilizibwa kwa magogo na mawe, risasi zinalia, na simu za Paris zinaita kama kawaida. Tangu siku hiyo ninamwambia kila mgeni aangalie simu. Wajerumani wanapigiana, waasi wanapigiana, askari waliofika mjini wanaomba simu kwenye mgahawa wa Simone Signoret ili wazungumze na watu wao. Usiku wa tarehe 24 kengele za makanisa zinapolia, Choltitz anainua mkono wa simu ili wenzake wa upande wa pili wasikie wenyewe. Na swali lililoipa filamu jina lake, "Je, Paris inaungua?", linaulizwa kwa simu pia. Ukifuata simu, filamu iliyoonekana kama vipande vipande inashikana.

Usiguse rangi za televisheni. Kila mara kuna mtu atakayesema picha imeharibika. Filamu ni nyeusi na nyeupe kwa makusudi: wakubwa wa Ufaransa hawakutaka kuona bendera nyekundu za Wanazi zikipepea tena kwenye majengo yao, hata kwa kuigiza. Faida yake ni kwamba Clément aliweza kuchomeka picha halisi za 1944 katikati ya zake, na mara nyingine huoni mshono. Kwa walio wadogo ninaligeuza kuwa mchezo, wa kwanza kutambua picha halisi anapata soda. Dokezo: Jenerali de Gaulle mwenyewe, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kusalimu amri kwa Wajerumani, anaonekana kwenye picha halisi. Tafuta pia nakala yenye maandishi ya chini unayoyasoma vizuri, na uwaonye watu kwamba midomo ya waigizaji wengine haitalingana na sauti. Walitoka mataifa mengi, kwa hiyo ukichukua toleo la Kifaransa au la Kiingereza, kuna waliotiliwa sauti.

Pumzikeni baada ya ile sehemu ya stesheni, pale Leslie Caron anapomtafuta mumewe kati ya wafungwa wa kisiasa wanaopakiwa kwenye treni ya kwenda Ujerumani. Anamwita kwa jina, anamkuta, na mume anapigwa risasi mbele ya macho yake. Wengi wanaolalamika kwamba filamu "haina moyo" walikuwa wakipekua simu zao wakati huo. Chemsheni chai kwanza.

Sasa maoni. Mtu akisema "inaboa" au "ni kali sana", mwulize ni wapi. Mwenye maoni ana sehemu ya kukuonyesha. Kwa mfano, anayesema filamu inachezea kifo anaweza kukutajia askari wa Kimarekani anayechezwa na Anthony Perkins, aliyetamani kuiona Paris kama mtalii na anauawa kabla hajaizunguka. Hapo mna la kubishania.

Lawama kwamba Choltitz ametengenezwa kuwa mtu mwema ni ya haki, nami naiunga mkono. Hitler aliamuru mji usiachwe mikononi mwa adui ila ukiwa magofu, na jenerali hakutii. Lakini sifa ya kuiokoa Paris aliipigia debe mwenyewe katika kumbukumbu zake, na wanahistoria wengi wanakumbusha kwamba hakuwa na askari wa kutosha kuumudu mji ulioinuka. Huyu ni yuleyule aliyekuwa Rotterdam 1940 na Sevastopol 1942, miji iliyobomolewa vibaya vitani. Kuhusu siasa, usisahau ni nani waliokuwa madarakani filamu ilipopigwa. De Gaulle alikuwa Rais. Chaban-Delmas, mjumbe wa de Gaulle kati ya waasi, anayechezwa na Alain Delon, alikuwa Spika wa Bunge. Ugomvi wa waasi wenyewe kwa wenyewe, watu wa de Gaulle na wakomunisti wa Kanali Rol-Tanguy, umo, ila umepigwa pasi.

Swali linaloulizwa kwangu kila mara ni jingine: weusi wako wapi? Usilikwepe, na usimtwishe Clément peke yake. Jenerali Leclerc, ambaye divisheni yake ya deraya ndiyo iliyoingia Paris, alitokea Chad, na mwaka 1941 aliiteka Kufra huko Libya akiwa na askari wa Kiafrika. Kabla ya Paris askari hao walikuwa wameondolewa. Waraka wa Januari 1944 wa Walter Bedell Smith, mnadhimu mkuu wa Eisenhower, ulitaka divisheni itakayoingia iwe ya wazungu. Hivyo weupe unaouona ulipangwa na majenerali zaidi ya miaka 20 kabla ya kamera. Hata hivyo Georges Dukson wa Gabon, mpiganaji wa mitaani, yumo kwenye picha za maandamano ya Champs-Élysées tarehe 26, mkono ukiwa umefungwa bendeji. Mtafute, uwaonyeshe wageni wako. Na hao waliofika kwanza Hôtel de Ville, kombania ya 9 ya Kapteni Dronne, wengi walikuwa Wahispania waliomkimbia Franco, dikteta wa nchi yao, na magari yao yameandikwa Guadalajara na Teruel. Filamu inawapita kwa mbio, kasoro ninayoiona kubwa kuliko urefu wake.

Ukitaka ya kuilinganisha nayo, chukua The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, ambayo ni ya 1966 pia, nyeusi na nyeupe pia, na safari hii Wafaransa ndio wanaoukalia mji wa watu. Ipange Jumapili inayofuata. Usizionyeshe siku moja, maana ya Algiers ni fupi, ina hasira, na itaimeza ile ya Paris kabla watu hawajamaliza kuizungumza.